Kasiteriti inaondoka Kivu, familia za Goma zinabaki bila kipima gesi

GOMA, Kivu ya Kaskazini. – Wakaaji wa Goma waliokuwa watu wazima miaka ya 2000 wanazikumbuka ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya lami ya barabara kule Kilambo, eneo la Walikale, na kurudi mjini zikiwa na magunia ya mawe meusi mazito. Kabla ya kufika kwenye ndege, magunia hayo yalibebwa mgongoni na vijana, wakikata pori kutoka Bisie hadi Ndjingala. Mabega yalichubuka, wengine walikufa ndani ya mashimo, na kila aliyeshika silaha njiani alidai chake.

Mawe yale ni kasiteriti. Wanunuzi wa madini wanatafuta ndani yake bati, wanaloliita etaini. Mkemia analitaja jiwe hilo kwa jina jingine: oksidi ya bati. Na oksidi ya bati, ikisafishwa na kutandazwa upya kama utando mwembamba wenye vitundu vidogo sana, ina uwezo wa kunusa gesi ya sumu ndani ya nyumba na kupiga kengele kabla mtu hajapoteza fahamu. Kazi hiyo imejulikana duniani kwa zaidi ya miaka 60.

Basi swali ni hili. Jimbo lenye oksidi ya bati nyingi namna hii, lenye mlima wa moto, lenye ziwa lililojaa gesi, lenye mazuku ndani ya mitaa na familia zinazolala na mbabula ndani ya turubai, kwa nini linasubiri kipima gesi kama msaada kutoka nje?

Mali iliyotoka

Hakuna anayeweza kusema kwamba Bisie ni machimbo madogo. Tangu mwaka 2019 kompani ya Alphamin inachimba pale kwa mashine. Mwaka 2024 ilitoa tani 17,324 za bati, na kompani yenyewe inasema hiyo ni takriban asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani. Mali hiyo inaondoka kama makinikia, yaani mchanga uliooshwa na kukusanywa, na kazi ya kuifanya kitu chenye thamani kubwa inafanyika ng'ambo.

Ichukuliwe hesabu ndogo ambayo mtoto wa shule anaweza kuifanya. Utando wa oksidi ya bati ndani ya kipima gesi ni mwepisi kuliko punje moja ya mchele. Hata kila kipimo kikipewa miligramu 10, kilo moja ya oksidi safi inatosha vipimo 100,000. Gunia moja ambalo kijana wa Ndjingala alilibeba siku mbili porini lingetosha nyumba zote za Goma, na kubaki.

Kwa hiyo bati siyo inayokosekana. Kinachokosekana ni maabara, tanuri, mwalimu na uamuzi. Hayo yote yanaweza kununuliwa kwa fedha ambazo jimbo hili limezitoa mara nyingi bila kuziona tena.

Jiwe lenye matundu

Wapo watakaosema kwamba mambo ya semikondakta ni ya wenye akili za ajabu. Lakini mtu wa Goma amekwisha kuona mfano wake kila siku ya maisha yake. Aokote jiwe la lava barabarani na kulitazama. Limejaa matundu. Lava ilipokuwa ya moto, gesi ilijaa ndani yake. Gesi ikatoka, jiwe likakauka, nafasi zikabaki. Jiwe hilo likimwagiwa maji linayanywa, kwa sababu lina njia nyingi za kuingilia.

Utando wa kipima gesi unatengenezwa kwa wazo hilohilo, ila matundu yake hayaonekani kwa macho. Chumvi ya bati inayeyushwa katika pombe au maji mpaka inakuwa uji mwepesi. Ndani ya uji huo huchanganywa kitu kinachoungua kwa urahisi, kama vile plastiki laini ya maabara. Kipande cha kioo au cha udongo mgumu kinachovywa humo, kinakaushwa, kisha kinachomwa kwenye tanuri la nyuzi 400 au 500. Ile plastiki inaungua na kupotea. Palipokuwa na plastiki panabaki kitundu. Kinachosalia ni oksidi ya bati, nyembamba na yenye vitundu.

Semikondakta maana yake ni kitu kinachopitisha umeme kwa shida: hakiukatai kama kioo, wala hakiuruhusu kama waya wa shaba. Oksidi ya bati iko hivyo. Ikipashwa moto hewani, oksijeni inakuja kushikamana na uso wake na kunyakua chembe za umeme, kwa hiyo njia ya umeme inabana. Gesi kama kaboni monoksidi au metani ikifika, inaungana na ile oksijeni na kuiondoa. Chembe zilizonyakuliwa zinarudi, njia inafunguka, umeme unapita zaidi, na kengele inalia. Vitundu vinasaidia gesi kuingia mpaka ndani na kugusa eneo kubwa.

Jambo muhimu kuliko yote ni kwamba tabia ya utando huo hupangwa na anayeutengeneza. Akiongeza kile kinachoungua, vitundu vinaongezeka. Akichoma kwa moto mkali zaidi, punje za oksidi zinakua na unyeti unapungua. Akitia paladiamu kidogo sana, utando unaanza kujibu haraka zaidi kwa gesi fulani. Ni kama mama anayejua bugali: maji, unga na moto ni vilevile, lakini mkono wake ndio unaamua kama itakuwa laini au ngumu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa Goma. Kipima gesi kilichopangwa kwa ajili ya nyumba ya Ulaya hakikupangwa kwa hewa ya mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, kando ya ziwa, wenye unyevunyevu wa mvua na moshi wa makala kila jioni. Aina hii ya kipimo inasumbuliwa na unyevu, na inaweza kulia kwa mvuke wa pombe kana kwamba ni gesi ya sumu. Anayejua kupanga utando anaweza kuurekebisha. Asiyejua anabaki na kengele inayolia ovyo, mwisho anaizima, na siku gesi inapokuja kweli hakuna kinacholia.

Wajapani walianzia jikoni

Kipima gesi cha oksidi ya bati hakikuanzia kwenye vita wala kwenye safari za anga. Mjapani Naoyoshi Taguchi aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1962, wakati nyumba za Japani zilipokuwa zikitumia gesi ya chupa na milipuko ikiua watu jikoni. Mwaka 1969 kompani ya Figaro ilianzishwa kutengeneza vipimo hivyo kwa wingi. Shida ilikuwa ya mama anayepika, na sayansi ikaenda kumtumikia mama anayepika.

Goma nayo ina mama anayepika. Mbabula ikiingizwa ndani usiku kwa sababu ya baridi au mvua, makala yanayowaka mekundu bila moshi yanaendelea kutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Anayeivuta anasikia kichwa kinauma, anachoka, anataka kulala. Ndani ya chumba kilichofungwa au turubai lililobanwa pande zote, usingizi huo unaweza kuwa wa mwisho. Familia iliyokimbia risasi Masisi au Rutshuru haikustahili kuja kufa kwa makala.

Ukweli kuhusu mazuku

Anayepigania jambo la haki asiuze uongo. Utando wa oksidi ya bati unafaa kwa kaboni monoksidi na metani. Mazuku ni gesi nyingine: kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayojikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Kwa hiyo inamkuta kwanza mtoto, mbuzi na aliyelala chini. Bulengo na Mugunga zinaijua. Kaboni dioksidi haiungui, na utando wa kawaida wa oksidi ya bati hauwezi kuipima kwa uhakika. Inapimwa vizuri kwa mwanga wa infraredi, kifaa kingine kabisa.

Hili ni lazima lisemwe kwa sauti, kwa sababu kwenye intaneti kuna vipimo vya dola chache vya oksidi ya metali vinavyotangazwa kwamba vinapima kaboni dioksidi. Shirika la kiutu likinunua hivyo, likavigawa Bulengo na kupiga picha, litakuwa limewapa watu usalama wa uongo. Na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kudai maabara hapa: mji usio na mtu wa kukagua kifaa hupokea chochote kinacholetwa.

Hoja tatu za wanaokataa

Hoja ya kwanza: watu wanahitaji unga, hawahitaji maabara. Hoja hii hutolewa na watu walioshiba. Unga ukigawiwa, unapikwa kwa moto gani? Unapikwa kwenye mbabula, ndani ya kile chumba kisicho na dirisha. Aliyepewa chakula leo na kufa kwa hewa kesho hakuokolewa. Tena kemikali, tanuri la udongo na vipande vya kioo havigharimu kama msafara mmoja wa magari makubwa meupe yanayopita kila siku mjini.

Hoja ya pili: sayansi hii ni ya wazungu. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, Uswidi, walichapisha utafiti juu ya utando wa oksidi ya vanadi. Kwa kawaida utando huo hubadilisha tabia yake ukifika nyuzi 68. Kwa kutia magnesi walizishusha nyuzi hizo na kuufanya upitishe mwanga zaidi. Huko ndiko kupanga tabia ya oksidi, na Mtanzania alikuwa ndani ya kazi hiyo.

Wala haihitajiki kwenda Dar es Salaam ili kuona mfano. Lwiro, karibu na Bukavu, palijengwa kituo cha utafiti tangu wakati wa Wabelgiji, na leo kinaitwa CRSN. Kabla ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, mtaalamu wa volkano Dieudonné Wafula alikuwa amekwisha kutoa onyo. Akili haikukosekana Kivu. Waliokosekana ni wenye kuisikiliza na kuilipia.

Hoja ya tatu: kuna vita. Ni kweli. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23. Mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi wa Februari kambi za pembezoni mwa mji zikavunjwa. Familia nyingi zilirudi kwenye vijiji vilivyobomolewa; nyingine zilijibana kwa ndugu, makanisani na mashuleni. Lakini vita havijawahi kuzuia gunia kupita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba M23 inakusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya Rubaya peke yake. Upande wa pili, serikali ya Kinshasa inapokea kodi ya madini yanayochimbwa kwa kibali chake. Anayepata njia ya kupitisha jiwe wakati wa vita hawezi kudai kwamba njia ya kupitisha tanuri imefungwa.

Somo la OVG

Goma imekwisha kulipa gharama ya kutegemea mfuko wa mwingine. Kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilikuwa kikisaidiwa na mradi wa Benki ya Dunia. Mwaka 2020 fedha hizo zilikwisha na hazikuendelea. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea data kutoka vituo vyake mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka na watu zaidi ya 30 wakafa. Baadhi yao hawakuguswa na lava: walivuka juu yake ilipokuwa ingali moto, na hewa ya sumu ikawaangusha.

Baada ya hapo viongozi walikuja, wakasema maneno mazuri, wakaondoka. Mwezi Julai 2022 serikali hiyohiyo ilipiga mnada vitalu 3 vya gesi ya Ziwa Kivu pamoja na vitalu 27 vya mafuta. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinatoa megawati 26 kwa metani ya ziwa hilohilo tangu 2016. Siku metani itakapoanza kupita kwenye mabomba kandokando ya Goma, nani atapima inapovuja? Itakuwa aibu kuagiza kutoka nje utando wa oksidi ya bati ili kulinda watu wa jimbo la bati.

Wanaodaiwa

Deni hili lina wenyewe, na linafaa kutajwa kwa majina.

Kinshasa inadaiwa kwanza. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrahaba hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali machimbo yalipo, na 10 kwa Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo. Vizazi vijavyo vya Walikale na Goma ni watoto wanaolala leo karibu na mbabula. Sehemu ya ile asilimia 10 iende kwenye maabara ya kemia na fizikia ya oksidi za metali katika vyuo vya Kivu, na matumizi yake yatangazwe hadharani.

Wanaoshikilia mji wanadaiwa pia. Aliyechukua kodi ya gunia amechukua na mzigo wa kulinda mwenye gunia. Wafundi wa OVG waachwe wafanye kazi, vifaa vyao visiguswe, na vibao vya mazuku virudishwe kila palipong'olewa.

Kompani za madini na wanunuzi wanadaiwa. Tangu sheria ya Marekani ya 2010, ambayo wachimbaji waliibatiza Sheria ya Obama, gunia la kasiteriti linafungwa tagi ili ijulikane limetoka shimo gani. Gunia lina ulinzi wake wa karatasi kutoka shimoni hadi kiwandani. Mtoto wa mchimbaji hana hata kengele ya dola chache. Kila kompani inayosafirisha makinikia ingeweza kugharamia wanafunzi wachache wa shahada ya juu kila mwaka, na isingelisikia deni hilo mfukoni.

Mashirika ya kiutu yanadaiwa ukweli. Kabla ya kugawa kifaa chochote cha kupima hewa, waseme kinapima gesi ipi, kimejaribiwa wapi, na kitakaguliwa na nani baada ya miezi sita.

Na vyuo vyenyewe, UNIGOM, ULPGL na ISTA, visisubiri. Kuchovya kioo na kukichoma kwenye tanuri ni somo linaloweza kuanza kwa vifaa vichache. Mwanafunzi anaweza kuanza na utando mmoja, waya mbili na kipima umeme cha fundi wa redio. Utando wa kwanza utakuwa mbaya. Wa kumi utakuwa afadhali. Mwaka wa tatu kutakuwa na kijana wa Goma anayeweza kumwambia mfadhili kwa hesabu kwamba kifaa alicholeta hakifai.

Kabla kengele haijafika

Wakati deni hilo linadaiwa, familia zisisubiri. Mbabula iwashwe na kuzimwa nje; isiingizwe ndani usiku hata kama makala hayatoi moshi. Aliyeumwa kichwa na kizunguzungu pamoja na wenzake wa chumba kimoja watolewe nje mara moja, mlango uachwe wazi, kisha apelekwe hospitali. Kwenye maeneo ya mazuku, watoto wasilale chini wala kuchezea mashimo alfajiri. Mtu akianguka bondeni, asifuatwe kwa kuteremka mbio, kwa sababu anayeteremka huanguka juu yake.

Maneno haya ni bure na yataokoa wengine. Hata hivyo mji wa watu wengi hivi hauwezi kulindwa kwa maonyo peke yake, huku kila siku ukipitishiwa mlangoni malighafi ya kengele yake. Lori linalofuata la madini litakapopita, wakaaji wa Goma wana haki ya kumuuliza mwenye lori, mwenye kibali na mwenye bunduki swali lilelile: sehemu ya mtoto anayelala iko wapi?